Mkwe Wangu na Buibui wa Shimoni

Mtu mwoga kuliko wote niliopata kuishi nao alikuwa mkwe wangu, na kwa kuwa aliishi katikati ya watu wanaosifu ushujaa asubuhi na jioni, alionekana kituko. Aliogopa radi. Aliogopa vyura. Aliogopa kupigwa picha, sindano ya zahanati, maji ya mto yakipanda, na ng'ombe mmoja mwekundu wa jirani ambaye, alisema, alimwangalia vibaya. Woga wake hakuuficha. Alishika kifua akatamka wazi, "Naogopa mimi," kama mwingine anavyosema ana njaa, halafu akaendelea na kazi aliyokuwa akiifanya au akaiacha, kutegemea siku ilivyoamka.

Namwita mkwe, ingawa yeye ndiye aliyenioa. Kwa asiyejua mila zetu nitaeleza mara moja tu. Mjane asiye na mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe wake, anaweza kutoa mahari akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamume wa kuzaa naye hutafutwa kwa makubaliano, naye akimaliza hurudi kwake. Mimi nilitolewa kwetu, upande wa Tarime, nikaletwa karibu na Kisaka kwa mwanamke ambaye siku ya kwanza alinipokea mlangoni na maneno haya: "Karibu, Bhoke. Mimi ni mwoga sana. Utanizoea."

Ukoo wake sitautaja. Wenyewe wapo, na wanapenda kesi.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Alinusa ugoro na kupiga chafya zilizowaamsha kuku. Chumvi aliigawa kwa ncha ya kidole, hata mboga ikawa na ladha ya maji, lakini maziwa alimpa mtu yeyote aliyepita, awe anamfahamu au hamfahamu. Darasa la watu wazima alilihudhuria bila kukosa, si kwa kupenda kusoma, bali kwa kuwa alisikia wasiohudhuria watachukuliwa hatua. Hakuuliza ni hatua gani. Akawa msomaji mzuri kuliko wote darasani, na mwalimu alipomsifu mbele ya watu, alijificha nyuma yangu.

Watu walipomcheka, alijibu kwa msemo ambao kila mtu anaujua: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nichekeni." Huo ulikuwa wa watu wote. Wa kwake mwenyewe aliniambia tukiwa wawili, tunapepeta ulezi: "Shujaa analinda jina lake, Bhoke. Mlango unalindwa na mwoga." Niliona ni maneno ya mzee anayejitetea. Nilikuwa bado sijajua mlango wetu unahitaji kulindwa na nani.

Sasa niseme kuhusu Marwa.

Marwa alikuwa mtoto wa kaka yake marehemu mume wa mkwe. Mrefu, msafi, mwenye fimbo iliyong'arishwa kwa samli. Zamani, tulipoishi mbali mbali kila mtu kwenye eneo lake, alikuja mara chache. Ilipokuja operesheni ya vijiji tukahamishwa wote, nyumba zikapangwa mistari kama mahindi ya shamba la kijiji, na Marwa akaangukia kiwanja cha pili kutoka kwetu. Kuanzia hapo hakupiga hodi tena. Aliingia, akakaa kwenye kigoda cha marehemu, akanyoosha miguu, akaangalia paa, akaangalia ng'ombe zizini, kisha akaniangalia mimi.

"Nyumba hii haina mwanaume," alisema kila alipokuja, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma.

Tulimwelewa. Nilikuwa nimezaa mtoto wa kike, Robhi, na Marwa alishawaambia watu kwamba nyumba ya wanawake watatu si nyumba, ni mzigo wa ukoo. Ng'ombe warudi kwa wenyewe. Binti aje kwake, ana nafasi ya mke wa tatu. Bibi mzee atapewa kibanda. Balozi wa nyumba kumi tulimwendea, akasema mambo ya mila hayamhusu. Siku moja Marwa alimnyanyua Robhi mgongoni kwangu bila kuniomba, akamrusha juu na kumdaka, akacheka. Mtoto alicheka pia. Mimi niliona jinsi ilivyo rahisi kumchukua.

Alipoondoka, mkwe alirudisha kigoda mahali pake. Kisha akaniuliza, "Wewe unaogopa nini kuliko vyote?"

"Marwa."

"Na Marwa, unadhani anaogopa nini?"

Nilisema haogopi kitu. Nani asiyejua kwamba siku ya jando hakupepesa hata ukope?

"Kisu kinaonekana kinakotoka," alisema mkwe. "Kesho tunakwenda mbugani."

Hapo ndipo nilipojua kwamba utotoni alichunga mbuzi, na kwamba wachungaji wa rika lake walikuwa na mchezo wa kuchokoa mashimo ya buibui wakubwa kwa unyasi mrefu mpaka mwenye shimo atoke. Ninyi mnaojua buibui wa dari hamjui ninachosema. Huyu hatandi wavu. Anachimba shimo ardhini, mdomo wake wa mviringo kama umekatwa kwa kisu, ndani limetandikwa kitu cheupe laini, na yeye anakaa chini akisubiri. Mwili una manyoya ya rangi ya udongo, na akijitanda anafunika kiganja. Mkwe alitaka kumfuga mmoja ndani ya nyumba.

"Wewe? Unayekimbia vyura?"

"Chura simuhitaji," alisema.

Tulikwenda asubuhi, mvua zikiwa zimeanza kupungua, Robhi mgongoni mwangu. Mkwe alibeba jembe, kibuyu kipana mdomo, na kichujio cha pombe kilichofumwa kwa ukindu. Njiani tulimkuta mmoja anakatiza kijia, mwembamba, miguu mirefu, mwenye haraka. Nilirukia upande wa pili nikapiga yowe, kisha nikasema basi, tumempata, tumfunike twende nyumbani.

Mkwe alikuwa ameshika kifua. "Huyo dume. Akianza kuzurura ujue anatafuta mke, na baada ya hapo haishi. Mwanaume mmoja nimeshamzika, Bhoke. Inatosha."

Alitaka jike lenye shimo lake. Jike, alisema, likikaa mahali pake linaweza kuishi miaka mpaka mtoto aliye mgongoni avunje ungo. Tukainama tukatafuta mashimo kwenye udongo mgumu ambako nyasi ni fupi. Shimo lenye utando uliochakaa aliliacha, hakuna mtu. Kwenye la kwanza lenye mwenyewe alitoka mdogo, akarudi upesi ndani. Mkwe alitikisa kichwa.

"Huyu ana ubaya gani?" niliuliza. Nilitaka tumalize.

"Simuogopi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Nisiyemuogopa mimi, Marwa atamuogopa kwa nini? Tunachagua wa kunitetemesha."

Tuliyemchukua alikuwa mbali zaidi, karibu na kichuguu. Mkwe aliingiza unyasi, akauzungusha polepole. Unyasi ukavutwa kutoka chini. Ulivutwa kweli, kwa nguvu, kama kuna mtu ameushika upande wa pili. Kisha akatoka. Hakukimbia. Alisimamia miguu ya nyuma, akainua ya mbele, akaonyesha meno meusi na chini yake wekundu, akatoa sauti, ndiyo, sauti, kama kijiti kinachokwaruzwa kwenye sufuria. Mkwe alikaa chini ghafla. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alijaribu kusema, mate yakakosekana, akajaribu tena.

"Huyu," alisema.

Alimziba njia ya kurudi kwa jembe, akamfunika kwa kibuyu, akateleza kichujio chini yake, mikono ikitetemeka muda wote hata nikadhani atamwachia. Hakumwachia. Kisha akaniagiza nichukue udongo wa pale pale, wa shimo lake, nijaze kanga nzima, maana mgeni hulala vizuri akinusa kwao.

Matayarisho ya nyumba yake yalituchukua muda mrefu kuliko yale niliyofanyiwa mimi siku nilipoletwa. Mkwe alitoa chungu cha zamani kilichokuwa na ufa mdomoni, akakiosha kwa maji matupu, akajaza udongo zaidi ya nusu, akaushindilia kwa mchi uwe mgumu. Pembeni akatoboa tundu la mshazari kwa mpini wa mwiko, ili mwenyewe amalizie kuchimba. Maji aliweka kwenye kizibo cha soda. Mfuniko ulikuwa kile kichujio cha pombe, hewa ipite, na juu yake jiwe dogo la kusagia. Kisichukue jua. Kisikae karibu na moto, moshi utamkausha. Asikisogelee mtu aliyetoka kuogesha ng'ombe joshoni kabla hajanawa, kwa kuwa dawa inayoua kupe haichagui. Yeye mwenyewe, na ugoro wake, alinawa mpaka vidole vikakunjamana. Kisha akasema kwamba kuanzia siku ile dawa ya kunguni haitapulizwa nyumbani kwetu. Tukalala na kunguni kwa ajili ya buibui.

Tuligombana juu ya mahali pa kukiweka. Mimi nilikuwa na mtoto anayetambaa, anayetia kinywani kila akionacho. Nilitaka chungu kiwekwe juu darini.

"Akianguka kutoka juu atapasuka kama yai," alisema mkwe.

"Na akishuka kwa miguu yake akamuuma mtoto?"

"Akimuuma mtu mzima, atalia siku nzima na mkono utavimba. Hatakufa." Akaniangalia. "Hilo usimwambie mtu yeyote."

"Mimi nauliza mtoto, mama."

Kesho yake alirudi na matawi ya miiba. Alichimba kona ya nyumba, akakifukia chungu nusu, na kukizungushia miiba kama tunavyozungushia zizi kuzuia fisi. Zizi la buibui ndani ya nyumba ya watu. Nilimfunga Robhi mgongoni tangu alfajiri mpaka jioni, mgongo ukaniuma mwezi mzima. Usingizini niliota miguu inatembea shingoni. Nilimchukia mkwe siku zile, na niliogopa kumwambia, halafu nikamwambia. "Hata mimi ningenichukia," alisema, akaenda kumtafutia mdudu wake panzi.

Kumlisha kulimtesa. Panzi alimshika kwa vidole viwili, akainua kichujio kidogo, akamdondosha, akafunika, akakaa chini akihema. Hakupata kumzoea. Wengine hufuga kitu wakakipenda, wakakipa jina. Yeye alimwita "yule," na kila siku alimwogopa upya kama siku ya kwanza. Nikamuuliza kama haoni shida kuishi hivyo. Alisema shida ni kuishi na Marwa, huyu angalau ana mfuniko.

Marwa alikuja kama kawaida yake, bila hodi. Mkwe alimkaribisha vizuri kuliko siku zote, akamwekea ugali na maziwa ya mgando, kisha akamwambia, "Baba, hebu nisaidie kutoa mwiba mmoja pale konani, mkono wangu mzito." Marwa akainama. Mkwe akainua kichujio.

Hakupiga kelele, sitaki kumsingizia. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akauliza, "Ni nini hiki?"

"Ni wa nyumbani," alisema mkwe.

Ugali aliuacha. Tangu siku ile alipiga hodi, tena kutokea mbali, na hatukumwona akikikalia kile kigoda. Nilianza kulala. Nilianza hata kucheka. Sikujua kwamba hofu ukiileta nyumbani haikai konani ilikopangiwa.

Habari ilienea. Kwenye foleni ya sukari dukani watu walitupisha, na kusema kweli tulifurahia hiyo sukari. Lakini jirani yetu, Mama Wankuru, aliyezoea kuja kuchukua moto asubuhi, akawa anatuma mtu, kisha hakutuma. Visimani nilikuta wanawake wanazungumza, nikifika wanatazama maji. Wakati huo yule mdudu akaacha kula. Siku moja nikamkuta amelala chali, miguu imekunjwa. Nikamwita mkwe nikilia, sijui nililia nini. Mkwe alichungulia akanivuta mkono. "Usimguse. Anajivua gamba. Ukimgusa sasa ndiyo utamuua." Kweli, kufikia mchana alikuwa ametoka ndani ya ngozi yake, mpya, laini, amejikunyata pembeni, na lile gamba limebaki na miguu yote, meno yote, manyoya yote, kama mwingine kamili.

Mkwe alilitoa kwa kijiti, akaliweka kwenye ungo juani. Alilistaajabia kwa woga, akilizunguka. Na ndipo Mama Wankuru alipopita, akaona mmoja juani kwenye ungo kama ulezi, akachungulia mlangoni kwa kutoamini, akamwona wa pili chunguni, mfuniko ukiwa bado haujarudishwa.

Jioni kijiji kizima kilijua kwamba sasa wako wawili na tunawaanika. Kesho yake mjukuu wa Mama Wankuru aliamka na homa. Neno likatamkwa, lile ambalo Kikurya tunasema omorogi na Kiswahili ni mchawi, na likishatamkwa halirudi mdomoni. Nilishasikia nyumba iliyochomwa moto kwa maneno mepesi kuliko hayo, wenyewe wakiwa ndani. Mtoto yule homa ilishuka baada ya dawa ya malaria, lakini nani aliuliza?

Tukaitwa mkutanoni, ofisi ya kijiji, na chungu chetu.

Mkwe alikibeba kifuani, hakukubali nimsaidie, akitembea taratibu asije akajikwaa, na kila hatua akisema chini chini, naogopa, naogopa. Watu walikaa kwenye magogo mbele ya ofisi. Hakuna aliyetusalimia. Nilimfunga Robhi kwa kanga mbili, nikatazama njia ya kukimbilia, nikaona imejaa vijana.

"Ndugu wananchi," alianza mwenyekiti, "ajenda ni moja. Mama huyu anafuga mdudu."

"Si mdudu, ni uchawi!" mtu alisema nyuma.

"Chama hakina kikao cha uchawi," alisema mwenyekiti. "Tutazungumza mdudu." Lakini kiti chake alikisogeza nyuma kidogo.

Marwa akasimama. Alizungumza vizuri, siku zote alizungumza vizuri. Alisema yeye ni mtoto wa nyumba ile, marehemu alikuwa baba yake mdogo, na hana ubaya na bibi yule, ila uzee umemharibu. Nyumba irudi kwenye ukoo. Ng'ombe waje zizini kwake. Mimi nihamie kwake na mtoto wangu. Chungu kichomwe hapa hapa. Wazee wakaitikia kwa vichwa, na mimi nikaona maisha yangu yanagawanywa kama nyama ya ng'ombe aliyevunjika mguu.

Mwenyekiti akamuuliza mkwe kama ana la kusema. Alisimama.

"Naogopa kusema mbele za watu, mniwie radhi," alisema, na watu wachache wakacheka, si kwa wema. "Marwa anasema nyumba ni yake. Mimi mwanamke, siwezi kushindana na ukoo. Lakini mwenye nyumba ni mwenye vyombo vya nyumba. Hiki chungu ni cha nyumba ile. Akichukue. Afunue, amtoe aliyemo kwa mkono wake, amtie motoni. Akifanya hivyo mimi na Bhoke tunamfuata leo leo mpaka kwake, na ng'ombe mbele yetu."

Hakuwa ameniuliza. Alinicheza kamari mimi na mwanangu mbele ya kijiji kizima bila hata kunigeukia. Nilijua siri aliyonikataza kuisema: kuumwa na yule ni kilio cha siku moja tu. Marwa angejua hivyo, angetia mkono, na mimi ningepika jikoni kwake mpaka nazeeka.

"Haya, mura, mwanaume wewe!" walisema watu wa rika lake, waliotahiriwa naye. "Chungu hicho hapo."

Marwa akacheka kidogo. Akampa mtu fimbo yake. Akapiga goti, akaondoa jiwe, akaondoa kichujio, akakunja mkono wa shati. Buibui alipanda juu ya udongo akasimama kama alivyosimama siku ile mbugani, meno nje, na ile sauti ya kijiti na sufuria ikasikika mpaka nyuma kabisa. Mkono wa Marwa ulikuwa juu ya chungu. Ukashuka. Niliuona unashuka, nikafumba macho, nikafumbua, ulikuwa umefika mdomoni mwa chungu. Buibui akaruka kupiga ukingo.

Marwa alijirusha nyuma, akapiga mgongo miguuni mwa mwenyekiti, kiti na mwenyekiti wakaenda chini pamoja. Kisha bibi mmoja kipofu akauliza kwa sauti, "Ameshamtoa?" Na hapo watu wakacheka. Walicheka mpaka wakashikana. Mama Wankuru alicheka huku anafuta machozi. Vijana waliokuwa wameziba njia walikaa chini kwa kucheka, na nikajua hakuna atakayewasha moto leo.

Mkwe hakucheka. Alikuwa ameshafunika chungu, amekikumbatia, analia.

Mwenyekiti alijikung'uta akatoa uamuzi: mdudu arudishwe porini leo, mambo ya ukoo yazungumzwe na ukoo siku nyingine. Akatazama watu. "Nani atafuatana naye kushuhudia?"

Kila mtu akakumbuka kazi nyumbani.

Kwa hiyo tulikwenda wawili, na Robhi. Mkwe alitoboa tundu kwenye udongo mgumu karibu na kile kichuguu, akalaza chungu ubavu, tukakaa mbali kungoja. Alitoka kwa miguu yake, taratibu, akapapasa mdomo wa tundu, akaingia. Nilidhani nitafurahi. Badala yake niliona mlango wetu uko wazi. Nikamuuliza mkwe sasa tutalindwa na nini.

"Nani ameona amekwenda?" alisema.

Chungu kilirudi konani na udongo wake, miiba ikabaki. Miaka iliyofuata, kila masika, mkwe aliwatuma watoto wa majirani wamkamatie panzi, akawashukuru kwa maziwa, akawaingiza panzi ndani wote wakiona. Kuku wetu walinenepa. Marwa aliendelea kupiga hodi. Ukoo haukukaa kikao. Lakini sitaki mdhani tuliishi kwa raha; tuliishi kama watu waliofunga mlango kwa uzi. Kila sauti uani ilinisimamisha. Nilimwambia mara nyingi kwamba alinitia rehani siku ile bila kuniuliza, na sikumsamehe. Alisema nisimsamehe, haidhuru. Lakini namshukuru kwa jambo hilo hilo, na sijui mambo hayo mawili yanakaaje kwenye moyo mmoja.

Mara ya mwisho kuzungumza naye akiwa na akili zake nilikuwa nimerudi na basi kutoka Mugumu kumchukulia dawa za kifua. Nilikuwa na mtoto wa pili wakati huo, naye wa kike. Mkwe alikuwa amelala kitandani, mdogo kama mzigo wa nguo, ile mikono tu ndiyo iliyobaki na ukubwa wake. Sijafungua hata kanga, nikasikia hodi.

Marwa alisimama nje ya kizingiti. Mvi zilikuwa zimemwingia. Alisema amekuja kumwona mgonjwa, lakini macho yake yalipita kwenye paa, kwenye nguzo, kwenye zizi, kama yalivyokuwa yakipita zamani.

"Karibu, shemeji," nilisema.

Hakuingia. Alichungulia konani, kwenye giza. "Kile chungu bado mnacho?"

"Kipo."

"Na mwenyewe?"

Siku zote swali hilo alilijibu mkwe, kwa kucheka au kwa kupiga chafya. Niligeuka kumtazama. Alikuwa macho, ananiangalia.

"Muulize Bhoke," alisema kwa shida. "Mimi mgonjwa."

Niliwaza watoto wangu wawili waliokuwa wanacheza uani, niliwaza jiko la Marwa. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Ingia uangalie, shemeji. Kigoda kile pale, kaa. Miiba niliiondoa, watoto wameshakua, wanajua pa kukanyaga."

Marwa alitazama sakafu. Aliitazama kwa muda mrefu, kutoka konani mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Akasema ng'ombe amewaacha peke yao, atapita siku nyingine. Nikasikia fimbo yake ikigonga ardhi mpaka ikapotea.

Nilikaa kitandani. Mkwe akanyoosha mkono, akanishika kifundo.

"Unatetemeka."

"Natetemeka, mama. Naogopa."

"Sana?"

"Sana."

Alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua kuni.

"Basi nyumba ina mwenyewe," alisema, akageukia ukutani akalala.